Samahani, Ni Mkono wa Kushoto

"Samahani, Pak, ni mkono wa kushoto," alisema Wiji, akamnyooshea mteja chenji yake.

Pak Wignyo hakupokea. Alikuwa karani wa ofisi ya wilaya kabla ya kustaafu, na mpaka leo alikuja kununua wali wa asubuhi na shati lililopigwa pasi, vifungo vyote mpaka kooni, utadhani ndiyo anaingia kazini. Alizitazama zile noti mkononi mwa Wiji kama mtu aliyeonyeshwa panya aliyekufa. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni mwa duka la vitambaa, na watu wote walikuwa wameshanyamaza ili wasikie.

"Mdomo wa kuombea radhi unao," alisema mzee. "Mkono wa kutolea je, umeusahau nyumbani?"

Watu wakacheka. Wiji akazihamishia pesa mkono wa kulia haraka haraka, na kwa haraka hiyo sarafu mbili zikamponyoka, zikadumbukia kwenye sufuria ya mchuzi. Vicheko vikazidi. Mama mmoja huko nyuma akasema kwa sauti, "Leo mchuzi una chuma!"

"Na huyo kuku," Pak Wignyo akaendelea, hakutosheka, "umemchambua kwa mkono gani?"

Hapo ndipo penye kidonda. Wali wa nazi wa Solo, mji wao huko kisiwani Java, hauuzwi kama maandazi. Muuzaji hukaa chini nyuma ya masufuria yake, huchukua jani la mgomba lililokunjwa, hupakua wali, humwagia mchuzi, kisha, mteja akiwa amesimama hapo hapo na macho yake mawili, humchambua kuku kwa vidole uzi baada ya uzi, na kumalizia na kijiko cha tui zito. Mteja huviangalia vile vidole kabla hajaangalia chakula. Na vidole vya Wiji vinavyoijua kazi vilikuwa vya mkono ule ambao, kwa watu wa mji wake, kazi yake ni moja na hufanyika chooni.

"Kwa mkono uliooshwa kwa sabuni," Wiji akajibu.

"Wiji!" Mama yake akamkatiza. Mbok Katemi alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu toka kiganjani hadi kiwikoni. Aliteleza bafuni wiki iliyopita, mfupa ukavunjika. "Mwache, Pak, usimjali. Ndivyo alivyozaliwa. Tumemfunza mpaka tumechoka sisi." Akazichukua zile noti kwa binti yake, akatoa na sarafu nyingine mkobani, akampa mzee. Kwa mkono wa kushoto.

Pak Wignyo akapokea, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu. "Asante, Mbok. Upone haraka. Wala usijisumbue kuomba radhi, wewe mgonjwa."

Hivyo hivyo, mchana kweupe! Foleni nzima iliona na hakuna aliyepepesa jicho. Sasa mkono wa kushoto wa mama na mkono wa kushoto wa binti, damu moja, ngozi moja, upi kati yao ulioshuka kutoka peponi? Wiji alitaka kuuliza. Badala yake akachukua jani jingine, akamgeukia mteja aliyefuata na kusema, "Samahani, ni mkono wa kushoto." Alikuwa ameyasema maneno hayo tangu alfajiri kwa kila mtu, kwa kila jani, kwa kila noti, mpaka yakawa machungu mdomoni kama mwarobaini.

Jua lilipopanda, nusu ya wali ilikuwa bado ipo. Zamani, Mbok Katemi akiwa mzima, saa hizo walikuwa wanasugua masufuria.

Bu Haji Rokayah, mama mwenye duka lile la vitambaa, akatoka nje. Baraza lile walilouzia lilikuwa lake, na turubai lile la kukingia mvua lilikuwa lake. Mbok Katemi alikuwa amekaa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kodi yake ikiwa jani moja la wali kila asubuhi na salamu za heshima. Hapakuwa na mahali pengine mtaa mzima ambapo watu wa sokoni, wa ofisini na wa shuleni walipita wote kwa pamoja.

"Mbok," Bu Haji alianza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "mimi na wewe tunaheshimiana. Lakini watu hawaji kwako, wanakuja kwangu. Wanasema mlangoni pa Bu Haji kunauzwa chakula kilichochezewa na mkono wa chooni. Mimi nauza vitambaa vya arusi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Bu Haji."

"Tafuta mtu mwenye mkono wa maana. Yule muuza ndizi za kukaanga ameniomba baraza hili sijui mara ngapi. Nimemwambia hapana kwa ajili yako. Ijumaa nikiona hali ni hii hii, nitamwambia ndiyo."

"Plasta yangu inatoka baada ya wiki sita. Nani auze?"

Bu Haji akamtazama Wiji juu mpaka chini. Wiji alikuwa palepale, hatua moja, na masikio yake yote mawili.

"Mbok," akasema, "mimi sikumzaa."

*

Nyumbani, Mbok Katemi hakungoja hata jasho likauke. Aliweka sahani ya kuku wa kuchemsha mbele ya binti yake juu ya mkeka.

"Chambua. Kwa kulia."

Wiji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, ameolewa, ameshika nyumba. Akachambua kwa kulia. Vidole vilikuwa vizito, kuku akatoka mapande mapande, mengine na ngozi yake.

"Hayo mapande ni ya kumpa mbwa," mama akasema. "Tena."

Akarudia. Ikawa hivyo hivyo.

"Ulipokuwa mtoto nilikufunga ule mkono kiunoni kwa mshipi wangu wa tumbo. Ukaufungua kwa meno. Nikakuonea huruma." Mbok Katemi akatikisa kichwa. "Huruma yangu ndiyo inayotutoa barazani leo. Ningekaza."

"Ungeukata kabisa, Mama! Ungekata, ukatupia kuku, leo tungekuwa matajiri!"

"Usinipigie kelele. Unadhani mimi ninafurahi? Wakikucheka wewe wananicheka mimi. Wanasema, mwanamke yule hakumlea mwanawe."

"Mimi ndiye ninayepika. Kila siku ya Mungu! Wali mimi, tui mimi, kuku mimi, wewe unakaa mbele unagawa kwa mkono wako mtukufu, na miaka yote wamekula kazi ya mkono wangu wakajilamba. Leo wameuona, ndiyo umekuwa wa chooni?"

"Walikuwa hawajui. Wasichokijua hakiwadhuru."

Sutris, mume wa Wiji, aliingia wakati huo, vumbi jeupe kichwani hadi miguuni. Alikuwa fundi wa dari, na kazi yake ya siku nzima ilikuwa kupaka jasi juu ya vichwa vya watu. Alivua viatu, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akajua si siku ya kuuliza kama chai ipo.

"Wewe hujaona," Wiji akamgeukia yeye sasa. "Mama anatoa kwa kushoto wanampa pole. Natoa mimi kwa kushoto wananiangalia kama nimewatemea mate. Kwa nini? Kwa sababu wa mama umevunjika! Kumbe wanataka mfupa uvunjike kwanza. Wataupata basi. Wataupata leo!"

Akaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kusagia pilipili, na kwa ule wa kushoto akainua mchi. Hakuwa anatisha watu. Sutris aliliona jambo hilo machoni mwake, akaruka juu ya sahani ya kuku, akamdaka kifundo.

"Wiji! Wiji. Wewe mwanamke, una wazimu?"

"Niache."

"Sikuachi. Weka mchi." Alimshika mpaka vidole vilipolegea. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kukaa na hofu bila kuitania, akasema, "Na hata ukivunja, hospitali watakutoza plasta. Kama ni plasta tu wanayoitaka hawa, si ungeniambia? Jasi ninayo gunia zima. Kitambaa cha wavu ninacho. Ninaziba madari ya watu, nitashindwa mkono wa mke wangu?"

Wiji akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha nusu kulia, lakini alicheka, na Sutris naye akacheka kwa kumwona amecheka.

Mbok Katemi hakucheka.

"Hiyo jasi," aliuliza, "itakauka kufikia alfajiri?"

Wote wawili wakamtazama.

"Mama, nilikuwa natania," Sutris akasema.

"Mimi sitanii. Funika kombe mwanaharamu apite. Tutasema bafu ni lile lile, utelezi ni ule ule. Nani atakuja kukagua? Vidole viachwe nje vishikie jani." Akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ikawa ya mama. "Wiki sita tu, mwanangu. Mkono wangu ukipona nitarudi kukaa mbele, wewe urudi jikoni kwako, na haya yatapita."

Wiji alinyoosha mkono wake wa kulia, mzima, usio na hata mkwaruzo, akampa mumewe. Sutris aliufanyia kazi kwa makini kama dari la tajiri, na jasi ilipokauka akaipasua ubavuni, ikawa ya kuvaliwa na kuvuliwa.

*

"Astaghfirullah!" alisema Bu Haji asubuhi ile. "Na wewe pia? Bafu lenu lina jini?"

"Sakafu, Bu Haji," alisema Mbok Katemi, macho chini. "Sakafu yetu mbovu."

Bu Haji akarudi dukani, akatoka na chupa ya mafuta ya kuchulia, akaiweka kwa mkono wake mwenyewe karibu na goti la Wiji. "Pole, mwanangu. Mimi maneno ya jana nilisema kwa uchungu wa biashara tu. Muuza ndizi nitamwambia asubiri."

Foleni ikajaa. Habari ilikuwa imeshatangulia, kama kawaida ya mtaa, na watu walikuja na nyuso za kwenye msiba. Wiji akachukua jani, akapakua, akamchambua kuku kwa mkono wa kushoto mbele ya macho ya wote. Hakuwa na haja ya kujificha wala kujizuia, na vidole vikakimbia vyenyewe. Kuku alitoka mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Samahani, Pak, ni mkono wa..." alianza kwa mazoea, zamu ya Pak Wignyo ilipofika.

"Acha, acha!" mzee akamkatiza. "Mgonjwa haombi radhi. Nipe tu, mwanangu." Akapokea jani, akalitazama, akawageukia wenzake. "Mmeona? Hata kwa kushoto anaweza. Kweli mtu akiwa na nia!"

"Hata kwa kushoto," wakaitikia.

Kabla jua halijapanda sufuria zilikuwa tupu. Mbok Katemi alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu, na wiki ikaisha. Mama mmoja alimletea Wiji dawa ya kupaka ya bibi yake. Mwalimu wa shule ya jirani, ambaye kabla ya plasta aliweka pesa chini ya sahani ili wasigusane, sasa alimpa mkononi, akampapasa na bega. Watu ambao jana walimtukana walimwombea dua, na walimwombea kwa dhati, na hilo ndilo lililomkata maini. Wangekuwa watu wabaya angewachukia akalala. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wema kabisa, ila wema wao ulikuwa wa mtu mwingine, mwanamke mmoja aliyeteleza bafuni, ambaye hakuwako.

"Umenuna nini?" Sutris alimuuliza jioni moja, akimvua lile gamba la jasi. Ngozi chini yake ilikuwa imetoka vipele.

"Sijanuna. Nina hasira."

"Na nani?"

"Na wote. Na wewe."

"Mimi tena?"

"Umelitengeneza vizuri mno," alisema Wiji. "Hakuna hata mmoja aliyeuliza."

*

Wiki sita zikaisha. Mbok Katemi alikwenda zahanati, akakatwa plasta, akarudi na mkono mwembamba, umepauka, umekunjamana. Vidole viwili havikukunjika. Mganga alimwambia afanye mazoezi, ila asitegemee kwamba utakuwa kama zamani, kwa umri wake. Alikaa barazani pa nyumba yao anafunga na kufungua kiganja, na kila akifunga kilibaki wazi nusu. Wiji alimwona, akaingiwa na huruma, akamchemshia maji ya chumvi ya kukandia. Mama akakanda bila kusema neno. Laiti angesema alichokuwa anakifikiria.

Kesho yake, foleni ilipokuwa imekaza, Bu Haji akatoka kuwasalimu.

"Alhamdulillah, Mbok, umefunguliwa! Na wa Wiji lini?"

Wiji alifungua mdomo. Walikuwa wamekubaliana waseme wiki ijayo. Lakini mama yake alitangulia, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi, machozi ya kweli kabisa.

"Wa Wiji haufunguki, Bu Haji. Mfupa umeunga vibaya. Tumeambiwa atabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Mwanangu ndiyo ameshakuwa kilema."

Mwiko wa wali ukasimama hewani mkononi mwa Wiji.

"Masikini!" alisema mtu.

"Masikini, binti bado kijana!"

Bu Haji akashika kifua. Alikuwa na machozi na yeye. "Basi, Mbok, usilie. Baraza hili ni lake. Kilema ana haki yake kwa Mungu. Mimi mwenyewe nitawaambia watu, anayekataa mkono wake wa kushoto asipite mlangoni kwangu." Akainama, akapenyeza noti iliyokunjwa kwenye mfuko wa aproni ya Wiji. "Sadaka, mwanangu. Usiikatae."

"Mungu ana hekima zake," aliongeza Pak Wignyo, akitikisa kichwa polepole, kwa busara. "Kumbe yale mashoto ya utotoni alikuwa anatayarishwa. Ukiangalia hivi, ilikuwa neema."

Wiji akamwangalia mama yake. Mama alikuwa akimkonyeza kwa jicho moja lililojaa machozi, kwamba nyamaza, umeona, tumepona, baraza letu hili. Na kweli walikuwa wamepona. Angenyamaza tu, angekaa pale mpaka uzee wake, analishwa pole kila asubuhi. Mama aliyemzaa alikuwa amechagua, mbele ya mtaa mzima na bila hata kukohoa, kwamba bora mtoto kilema kuliko mtoto wa mashoto.

Hasira ilimpanda toka miguuni. Akaweka mwiko chini. Akaushika ule mkono wa jasi, akauvuta, ukatoka wote mzima kama soksi ngumu, na chini yake ukaonekana mkono wa kulia, vidole vitano, hakuna hata kovu. Akavikunja. Akavikunjua. Akavichezesha mbele ya pua ya Pak Wignyo.



Wiji akachukua jani kubwa la mgomba, akalilaza lile gamba la jasi katikati. Akamwagia mchuzi. Akamchambua kuku juu yake, mwembamba, vizuri kabisa, kwa mkono wa kushoto. Akamalizia na kijiko kilichojaa tui zito. Akalinyanyua, akamnyooshea Bu Haji.

"Kula, Bu Haji. Chakula chenu hiki. Maana wali wangu hamkuutaka, mlichokuwa mnanunua wiki sita hizi ni hiki."

"Ewe Wiji!" mama yake akapiga ukelele. "Bu Haji, msamehe, amechanganyikiwa. Ni maumivu! Ni dawa wanazompa!"

"Dawa gani, Mama? Mimi sijaumwa hata jino."

Bu Haji alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, tui linamchirizikia kwenye kiatu. Machozi yake ya huruma hayakuwa yamekauka bado, na uso chini yake ulikuwa umeshabadilika. "Mmenidanganya," alisema. "Mlangoni kwangu. Nimekuombea dua, nimekupa sadaka, kumbe mnanicheka."

"Tumekudanganya mfupa," Wiji akasema. Akatoa ile noti mfukoni, akaiweka juu ya kizingiti cha duka. "Mkono hatukukudanganya. Umekula kutoka mkono huu kila asubuhi, ukasema mtamu. Tumbo lilikuuma? Pak Wignyo, wewe tumbo lilikuuma?"

Mzee aliangalia shati lake, akaangalia barabara. "Si suala la tumbo," alisema hatimaye. "Ni suala la adabu."

"Adabu! Mkanicheka mpaka mkakosa pumzi, hiyo ni adabu. Sarafu zangu zikaingia mchuzini, adabu. Nimeomba radhi kwa kuzaliwa, kila siku, kwa kila mmoja wenu, na wewe mwenye vifungo mpaka kooni hukuniambia hata siku moja, basi, imetosha. Mpaka nilipodanganya!"

Foleni ilianza kukatika, mmoja mmoja kutoka nyuma. Mama mmoja aliyechelewa kazini akanyakua jani lake lililokwisha kufungwa, akanong'ona, "Mimi nilishalipa," akaondoka mbio.

Mbok Katemi alikuwa amevua mtandio wake. Alipiga magoti mbele ya binti yake, na kwa ule mkono wake uliopauka, vidole vinakataa, alikuwa anajaribu kuuzungushia mtandio ule mkono wa kulia. "Nikufunge, mwanangu. Nikufunge haraka. Tutasema ulikuwa utani. Tafadhali, baraza litaondoka, tafadhali."

Wiji akauondoa mkono wa kulia. Akampa wa kushoto, una mafuta ya kuku na tui, mbele ya uso wake.

"Kama ni kufunga, funga huu," alisema. "Huu ndio unaokuuma wewe. Na safari hii kaza."

Mbok Katemi aliutazama ule mkono. Mtandio ukamwanguka.

"Ondoeni vitu vyenu," alisema Bu Haji, akaingia ndani.

*

Adhuhuri, muuza ndizi alikuwa ameshaweka jiko lake pale. Sutris alipita akamwona, akaja nyumbani akiwa ameshajua habari yote na nyongeza zake, maana mtaani walisema Wiji alimpiga Bu Haji kwa sufuria. Aliwakuta wawili hao chumba kimoja, mama amegeukia ukuta, mke anasugua vyombo kwa nguvu mpaka chuma kinalia.

"Ni kweli ulimpiga?"

"Sikumpiga."

"Bahati mbaya," alisema Sutris, akakaa chini. Hakuna aliyecheka, wala yeye.

"Kesho nitauza hapa," Wiji akasema bila kuinua kichwa. "Mlangoni petu. Mbele, si nyuma."

Mbok Katemi akaongea na ukuta. "Nani atakuja kwenye kichochoro hiki? Kununua kwa nani? Mji mzima ulishajua."

"Mwenye njaa atakuja."

"Maisha yangu yote nimekaa pale. Umeyatupa kwa asubuhi moja. Kwa kiburi tu!"

"Uliniita kilema, Mama."

"Nilikuokoa!"

"Uliniita kilema mbele yao, na ukalia machozi. Nilipozaliwa na mashoto ulilia hivyo hivyo?"

Sutris alitazama nyayo zake. Nje muuza barafu alipita akipiga kengele yake, akaishia.

Wiji akasimama. Wali wa asubuhi ulikuwa bado upo, mwingi, karibu sufuria nzima. Akapasha mchuzi moto, akachukua sahani, akapakua, akamwagia, akachambua kuku, akaweka na kijiko kwa ajili ya vile vidole visivyokunjika. Akamwendea mama yake, akasimama mbele yake, akamnyooshea sahani kwa mkono wa kushoto. Hakusema samahani.

"Weka chini," alisema Mbok Katemi. "Nitachukua mwenyewe mkekani."

"Siweki."

"Wiji, weka chini."

"Siweki, Mama. Toka asubuhi hujala. Chakula hiki, na mkono wangu huu. Hakuna mwingine."

Mbok Katemi aligeuza uso. Wiji akabaki amesimama na sahani, hakuishusha wala hakubadilisha mkono, na mvuke wa mchuzi ulipungua polepole mpaka ukaisha. Mwanamke mzee alimeza mate, na wote watatu walisikia.

Mwishowe akanyoosha mikono yake miwili, mzima na mbovu, akaipokea sahani bila kumtazama mwanawe. Akaiweka mapajani. Akala kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Haijazidi," alisema Wiji. "Kula."